Matatu zilishe treni ya Miritini? Tuanze na hesabu ya abiria

Treni ya Madaraka Express, ya kati ya Nairobi na Mombasa, ilipoanza safari tarehe 31 Mei 2017, Mombasa ilipata stesheni nzuri iliyo mbali na mji. Miritini iko upande wa bara, ng'ambo ya Makupa, njia inayounganisha kisiwa na bara; stesheni ya zamani, ile iliyo mwisho wa barabara ya Haile Selassie, ndiyo iliyo katikati ya kisiwa. Anayeshuka Miritini usiku kutoka treni ya saa tisa ya Nairobi, mabegi mkononi na mtoto aliyelala begani, bado hajafika. Nje anapokewa na makanga wanaoita "Taun! Feri!", tuktuk na teksi, na nauli inayopangwa kwa kumtazama mtu usoni.

Hiyo ndiyo sababu ya kuifufua reli ya zamani, ya upana wa mita moja, ili iunganishe Miritini na stesheni ya mjini. Reli ikifufuka linafuata swali la matatu. Wapo wanaotaka zile za Miritini, Jomvu, Mikindani na Changamwe ziache kuvuka Makupa: zizunguke mitaani, zikusanye watu na kuwashusha kwenye stesheni, treni iwapeleke mjini. Wapo wanaosema huko ni kumwadhibu mwananchi ili mabehewa yaonekane yamejaa. Mimi nasema hivi: kubadili gari hakujawahi kumshinda mtu wa Mombasa. Kinachomshinda ni kulipa mara mbili na kusubiri asichojua kitakuja lini. Mpango wowote upimwe kwa hayo mawili.

Hoja ya wanaotaka mabadiliko ina nguvu, na chanzo chake ni ramani. Kisiwa hiki kina milango michache: Makupa upande wa magharibi, daraja la Nyali la mwaka 1980 upande wa kaskazini, na feri ya Likoni upande wa kusini. Matatu inayotoka Mikindani kwenda Feri inabanwa pamoja na malori ya bandari kuanzia mzunguko wa Changamwe, inatambaa Kibarani, kisha inaingia mjini kukutana na foleni nyingine. Ikikwama haimcheleweshi tu aliye ndani. Inapoteza safari ambayo ingempakia yule anayeungoja usafiri kule nyuma. Dereva naye ana hesabu ya tajiri jioni, yaani pesa anazopaswa kumpelekea mwenye gari, kwa hiyo hasara ya foleni anaifidia kwa kukimbiza gari, kupakia popote, au kukatisha safari njiani na kuwaambia abiria wateremke. Gari lilelile likipewa njia fupi ya kutoka mtaani hadi stesheni, lingezunguka mara kadhaa kwa muda ambao sasa linafika Feri mara moja. Magari hayajaongezwa, nafasi zimeongezeka.

Hilo limefanyika kwingine. Seattle, Marekani, ilipofungua kipande cha reli nyepesi hadi Chuo Kikuu cha Washington mwezi Machi 2016, mabasi kadhaa yaliyokuwa yakiingia katikati ya mji yalikomeshwa hapo stesheni, na namba 72 ikafutwa kabisa. Saa za kazi zilizookolewa zilipelekwa kwenye njia nyingine ili mabasi yapite kwa wingi zaidi. Houston ilifanya makubwa kuliko hayo: Agosti 2015 ilibadilisha karibu mtandao wake wote wa mabasi kwa siku moja, mabasi yakapita mara nyingi kwenye njia chache zilizonyooka.

Lakini mfano wa Seattle usomwe mpaka mwisho. Treni yao ilikuwa ikija kila baada ya dakika chache. Kadi ya abiria ilimruhusu kubadili gari ndani ya saa mbili bila kuanza nauli upya. Hata hivyo watu walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa ya haki, kwa sababu kutoka kituo cha basi hadi mlango wa stesheni kulikuwa na mwendo ambao hapo awali hawakulazimika kuutembea.

Sasa tujitazame. Mombasa haina reli nyepesi. Treni ambayo kazi yake ya kwanza ni kuwapokea abiria wa Madaraka itafuata ratiba ya Madaraka: itakuwepo treni ya Nairobi inapofika na inapoondoka. Inamfaa sana msafiri wa Nairobi. Kwa kijana wa Changamwe anayetakiwa kuwa kazini Kizingo saa moja na nusu asubuhi, haina maana, kwani akiikosa moja hajui ya pili ni saa ngapi. Kuzikata matatu zake ili zilishe treni ya namna hiyo ni kumwondolea usafiri aliokuwa nao na kumpa ahadi. Watu wa mipango hupenda kuzichora treni hizi mbili, ya kila baada ya dakika chache na ya kufuata ratiba ya Madaraka, kwa mstari wa aina moja kwenye ramani, na ramani haionyeshi treni inapita mara ngapi.

Mfano ulio bora kuliko wa Seattle tunao wenyewe, pale Likoni. Husemwa kwamba feri huvusha watu zaidi ya laki tatu kwa siku, na karibu wote wanabadili gari. Wa Ukunda anashuka steji ya Likoni, anateremka mteremko na umati, anavuka, anapanda upande wa kisiwa, anaingia gari jingine. Wamefanya hivyo miaka yote. Kinachofanya jambo hilo livumilike ni vitu vitatu: mwenda kwa miguu havuki kwa pesa, feri ikimpita anaiona nyingine inakuja, na akipanda juu magari yamesimama yakimngoja. Kinachoifanya siku iwe chungu nacho kinajulikana. Feri moja iharibike saa za asubuhi, au mvua inyeshe, umati unaganda na nauli ya magari ya kule juu inapanda papo hapo. Msafiri wa kusini analipa gari mbili kila upande wa siku, na pato lake ni lilelile la mtu wa Tudor, kisiwani, anayelipa moja.

Yupo pia abiria anayesahaulika kila mara mipango inapochorwa: mwenye mzigo. Mama aliyetoka Marikiti na beseni la mboga, kurudi kuuza mtaani kwake Magongo, leo anatwikwa mara moja. Beseni linaingia chini ya kiti cha nyuma, makanga anadai chochote juu yake, wanabishana kidogo, safari inaendelea. Mkatie safari vipande viwili: atwikwe sokoni, atuliwe stesheni, atwikwe tena kuingia behewani, atuliwe ng'ambo, atwikwe kwenye matatu ya mtaani. Kila kituo anahitaji mkono wa mtu, na pengine kumlipa. Ukimwambia treni ina kasi zaidi hutakuwa umemjibu chochote.

Dar es Salaam imeshatupa hesabu ya kujifunzia. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, nauli zilipangwa hivi: shilingi 400 kwa basi la mlisho, 650 kwa njia kuu, na 800 kwa anayetumia yote mawili. Aliyebadili gari hakutozwa 1,050. Hapo ndipo ubora wa mpango ule ulipokuwa, kwamba mamlaka ilikiri kuwa safari ya mtu ni moja hata kama magari ni mawili. Upande wa pili wa hadithi hiyohiyo ni daladala zilizoondolewa barabara ya Morogoro. Mabasi yalipopungua, mengine yakiharibiwa na mafuriko ya Jangwani, abiria wa Kimara alijikuta na foleni ndefu bila pa kukimbilia. Nauli ya pamoja tuichukue kama ilivyo. Kufuta usafiri wa zamani kabla mpya haujasimama, tukuache.

Je, nauli moja inawezekana huku kwetu? Kimitambo, ni kazi rahisi. Nchi iliyozoea M-Pesa tangu mwaka 2007 haiwezi kushindwa kugawa shilingi mia kati ya treni na matatu. Ugumu ni mwingine. Serikali ilijaribu kulazimisha nauli za kadi mwaka 2014, na mpango ukafa. Dereva na makanga hawaishi kwa mshahara. Wanaishi kwa kile kinachobaki baada ya mafuta na hesabu ya tajiri, na kinatakiwa kiwe mkononi jioni ileile. Pesa inayopita kwenye mtambo na kurudi baada ya siku kadhaa, kwao ni pesa iliyopotea. Njia fupi nayo ina nauli ndogo na haina wale wa kushuka njiani na kupisha wengine. Kwa hiyo anayetaka matatu zilishe treni awe tayari kuzilipa kwa safari, gari lijae lisijae, kama mkandarasi. Tangu Rais Kenyatta wa kwanza alipoziruhusu kubeba abiria bila leseni mwaka 1973, matatu zimeziba pengo la usafiri kwa pesa za wenyewe. Wana makosa mengi barabarani, na hakuna anayeyajua kuliko sisi tunaopanda. Lakini kuwapangia njia mpya bila kuwaketisha mezani ni kutafuta mgomo.

Na meza yenyewe ni ya nani? Reli ni ya taifa, chini ya Shirika la Reli. Usafiri wa barabara ndani ya kaunti ni kazi ya kaunti kwa Katiba ya 2010. Leseni za matatu zinatoka NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani. Feri iko kwa Mamlaka ya Bandari. Nairobi na majirani zake iliundiwa NaMATA mwaka 2017 ili pawe na chombo kimoja cha kuutazama usafiri wote. Bila chombo chenye mamlaka ya aina hiyo hapa, kila ofisi itaboresha kipande chake, na abiria atabaki akiviunganisha kwa miguu yake na mfuko wake.

Kuna kipande kimoja ambacho sina shaka nacho, nacho ni cha mjini. Treni ikimfikisha mtu Haile Selassie halafu akaachwa hapo na mabegi, tumeihamisha tu adha ya Miritini tukaileta Mwembe Tayari. Zinatakiwa gari za kutoka stesheni hadi Feri kwa njia ya Digo Road, na nyingine za kupita Buxton hadi Kongowea, zinazoondoka kwa kufuata treni, zenye steji mlangoni kabisa. Hakuna anayenyang'anywa kitu hapo. Tuanzie hapo. Na tukumbuke kwamba watu wa Kisauni, Nyali na Likoni hawaigusi reli hii kabisa. Kuupindisha mtandao wa mji mzima kwa ajili ya mkono mmoja wa magharibi ni kosa.

Kwa matatu za Changamwe na Mikindani zinazoingia mjini, ningeziacha. Treni ikipita kila nusu saa kuanzia alfajiri hadi usiku, na ikafanya hivyo mwaka mzima bila kuyumba, wakazi watahamia wenyewe, na matatu zitawafuata, maana siku zote zimekuwa zikifuata abiria walipo.

Najua pingamizi zito la msimamo huu. Bila kuwasukuma watu, treni haitapata abiria. Bila abiria, hakuna atakayeongeza treni. Na baada ya miaka michache reli itaitwa hasara. Ni kweli, mzunguko huo unaua miradi. Lakini lazima mtu autangulie, na swali ni nani mwenye uwezo wa kubeba hasara ya mwanzo. Reli ya kutoka Nairobi hadi Miritini ilijengwa kwa mikopo ya China ambayo Wakenya wote wanailipa. Gharama ya treni za alfajiri zilizo nusu tupu kati ya Miritini na Haile Selassie, kwa mwaka huo wa kwanza, iingie kwenye hesabu hiyohiyo ya taifa, isiwe nauli ya pili kwa mtu wa Mikindani.