Sindano ya ashiki na mizani yake

Mjini Lamu, mke aliyepotewa na hamu ya tendo la ndoa bado humwendea somo wake, yule yule aliyemfunda kabla ya harusi, naye humrudisha nyumbani na nasaha, udi wa kufukiza na kikuba cha asumini na mkadi cha kulaza kitandani. Sasa faragha hiyo imeingiliwa na mgeni, sindano ya bremelanotidi iuzwayo kwa jina la Vyleesi, ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Juni 2019 kwa wanawake ambao hawajakoma hedhi, ambao hamu waliyokuwa nayo imetoweka na kuwatia dhiki, na sababu yake si maradhi, si dawa nyingine, wala si ugomvi wa ndani ya nyumba.

Dawa hii ni peptaidi, yaani mnyororo mfupi wa viungo vile vile vinavyounda protini, na inaaminika kwamba hufanya kazi ubongoni, kwenye vipokezi vya melanokotini, homoni zinazohusika pia na rangi ya ngozi. Mwanamke hujidunga mwenyewe tumboni au pajani, angalau dakika 45 kabla ya kukutana na mumewe, si zaidi ya mara moja kwa saa 24, wala zaidi ya mara 8 kwa mwezi.

Wanaoiunga mkono wana hoja nzito. Inamwondolea mwanamke lawama ya kuwa mkaidi au amechoka na mume, kwa kukiri kwamba ashiki inaweza kufifia kwa mtu anayependa na kupendwa, na hapo somo, kwa hekima yake yote, hana la kuongeza. Isitoshe, wanaume wana tembe zao, Viagra, tangu 1998, na hakuna anayemuuliza mnywaji wa supu ya pweza anatafuta nini.

Tatizo ni kwamba faida yenyewe ni ndogo. Katika majaribio ya wiki 24, takriban asilimia 25 ya waliojidunga dawa walipanda kwa alama 1.2 au zaidi kwenye kipimo cha hamu kinachoishia 6, ilhali asilimia 17 ya waliopewa sindano isiyo na dawa walipanda vivyo hivyo. Na idadi ya mara walizoridhika kitandani haikutofautiana. Upande wa pili, asilimia 40 walipata kichefuchefu, na kwa kweli sijui ni ashiki gani inayostahimili kichefuchefu. Presha nayo hupanda kwa muda, ndiyo maana dawa imekatazwa kwa wenye maradhi ya moyo au presha isiyodhibitiwa, na wangapi kati yetu tunaijua presha yetu?

Linalonishughulisha zaidi ni ngozi. Dawa hii ina asili yake katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, wa kuifanya ngozi iwe nyeusi bila jua, na tabia hiyo haijaiacha: inaweza kutia madoa meusi usoni, kwenye fizi na kwenye matiti, na mengine huenda yasiondoke. Kwa wanaofuata kipimo ni kama mtu 1 kati ya 100, lakini zaidi ya theluthi ya waliojidunga kila siku kwa siku 8 walipata madoa, na wenye ngozi nyeusi wamo hatarini zaidi. Mwanamke wa hapa, apakaye liwa uso wake tangu usichana, anastahili kuambiwa hilo kabla ya jingine lolote.

Kwa hiyo sipingi sindano iliyoandikwa na daktari aliyempima mgonjwa presha, akamuuliza kuhusu mimba na vidonge vya sonona, ambavyo mara nyingi ndivyo vinavyoua hamu. Ninachopinga ni kichupa cha unga kinachouzwa mtandaoni kwa jina la PT-141, jina la maabara la bremelanotidi hii hii, kimeandikwa ni cha utafiti tu, ambacho mtu hujichanganyia maji chumbani na kukisia kipimo. Asiye na daktari hana wa kumkumbusha kwamba, hamu isipobadilika kwa wiki 8, maelekezo ya dawa yenyewe yanataka iachwe.