Vibali vya malori kati ya Poland na Ukraine: nani aumie?

Novemba 6, 2023, wasafirishaji wa Poland waliziba njia ya malori kwenye mpaka na Ukraine, ikiwamo Dorohusk, Hrebenne na Korczowa. Dai lao kuu lilikuwa kurudishwa kwa vibali. Kabla ya Juni 2022, lori la Ukraine lilihitaji kibali kuingia Poland, na idadi ya vibali hivyo ilikuwa na kikomo kwa mwaka. Vikiisha, lori linalala yadi hata kama mzigo upo. Uvamizi wa Urusi ulipofunga anga la Ukraine na kuzibana bandari zake, Umoja wa Ulaya ulikubaliana na Kyiv kuviondoa kwa safari za baina yao na za kupita tu.

Wapoland hawadai hewa. Kampuni zao zinabanwa na sheria za Umoja kuhusu malipo ya madereva wanaofanya kazi nje ya nchi. Mshindani asiyebanwa hivyo anaweza kushusha nauli, na mwenye malori mawili ya mkopo hana pa kupunguzia. Wanalalamika pia kwamba baadhi ya malori ya Ukraine hubeba mizigo kati ya nchi za Umoja, jambo ambalo makubaliano hayaruhusu.

Hata hivyo, kikomo cha vibali hakimjui mdanganyifu. Kinamzuia sawasawa na aliyebeba mafuta au jenereta kupeleka nchi iliyo vitani, ambayo mahitaji yake hakuna awezaye kuyakadiria mwaka mzima kabla. Mgomo wenyewe ulionyesha gharama ya mpaka kufungwa: madereva walikwama siku nyingi kwenye baridi, na wawili wa Ukraine walifia kwenye foleni mwezi huohuo. Hilo linaniuma kuliko hoja yoyote ya nauli.

Tena, sehemu ya kero haikuhusu vibali kabisa. Malori ya Poland yaliyokuwa yakirudi matupu yalisota kwenye foleni ya kielektroniki ya Ukraine, yaani mfumo wa mtandaoni wa kupanga zamu za kuvuka mpaka, na Desemba 2023 kituo cha mpakani cha Nyzhankovychi–Malhowice kikafunguliwa kwa malori matupu.

Marekebisho ya 2024 ya makubaliano kati ya Umoja na Ukraine yalimtaka dereva awe na nyaraka za kuthibitisha kuwa safari yake inaruhusiwa. Ni njia ya haki zaidi, kwa kuwa inamfuata mkosaji mmoja mmoja. Ila nyaraka zinahitaji wakaguzi barabarani, hata Ujerumani na Ucheki, mbali na mpaka. Bila wao, msafirishaji wa Poland ana kila sababu ya kuendelea kudai vibali.