Aliyeumia ubongo ana kliniki siku gani?

Hapa Uyole, Mbeya, ukisema fulani alipata ajali akaumia kichwa, utaulizwa jambo moja: anatembea? Akitembea, basi kapona. Nyuzi zimetolewa, nywele zimeota, arudi kwenye bodaboda yake. Nyumbani ndiko wanakojua kwamba huyu aliyerudi anasahau chungu motoni, anafoka kwa neno dogo, kelele za watoto zinampasua kichwa, na saa nane mchana amechoka kama aliyelima ekari nzima. Hana gongo wala bandeji, kwa hiyo majirani wanamtafutia sababu: mvivu, anavuta bangi, amerogwa.

Hoja ya kuwakutanisha wagonjwa hawa wasaidiane inapata nguvu hapo. Mtu akimsikia mwenzake akisimulia balaa lile lile, anajua kumbe si kichaa. Uingereza wanalo shirika la Headway, lililoanza 1979 na lenye vikundi vya aina hii. Nasi Nyanda za Juu Kusini si wageni. Njombe, Iringa na Mbeya, mikoa iliyobeba mzigo mkubwa wa VVU, inawajua WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao: mtu anayemeza dawa anamfuata aliyeziacha, na kumrudisha kliniki kwa maneno ambayo daktari hana. Wengi wanasema tuige hayo hayo.

Mimi nasita. Mwenye VVU ana CTC, kliniki yake ya matunzo na tiba, ana tarehe kwenye kadi na dawa ya kuchukua. Kikundi chake kilikuta nyumba imeshajengwa. Aliyeumia kichwa anaruhusiwa wodini, anarudi mara chache kuangaliwa kidonda, basi. Taasisi ya MOI, inayotibu mifupa na ubongo, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya.

Halafu kuna gumu zaidi. Kikao kinataka mtu akumbuke siku, atulie, asubiri zamu yake, ameze neno lililomuudhi. Sehemu ya mbele ya ubongo ikiumia, hayo ndiyo yanayoondoka. Waweke watu kumi wa namna hiyo kwenye chumba kimoja jirani na stendi uone. Mmoja anaweza hata kuanguka kifafa, maana kifafa cha jeraha huweza kuja miezi au miaka baadaye. Na mwenzako akikwambia "mimi vidonge niliacha na sijaanguka tena", amekupa sumu kwa nia njema.

Wanaopinga vikundi husema fedha iende kwenye dawa, mazoezi tiba na kofia ngumu. Kwenye kofia wana haki kabisa (ile ya abiria huwa inaning'inia kwenye usukani, mkanda umekatika). Lakini kofia haimsaidii aliyekwisha kuumia, na mtaalamu wa kumfundisha upya kumbukumbu na hasira si wa kumpata wilayani kirahisi. Tukimsubiri, tunamwachia mke mzigo wote.

Mke, au mama: ningeanza na huyu. Yeye anakumbuka tarehe, kikoba anakijua, na ndiye anayelala nusu jicho. Wauguzaji watano au sita waje na wagonjwa wao siku ile ile ya kuchukua dawa za kifafa, asubuhi kabla uchovu haujaingia, nusu saa tu, kila mgonjwa na daftari lake. Muuguzi awe karibu wa kukemea habari za kuacha vidonge. Mgonjwa aliyetulia kwa miaka aongee, tena aongee sana, ila asibebeshwe uenyekiti kwa sababu tu naye aliumia.

Inabaki nauli, na ni ya watu wawili, kwa kuwa mgonjwa wa Chunya au Rungwe hapandi gari peke yake. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Kikundi hiki kingeweza kuomba mtaji wa kufuga kuku, faida ikalipa nauli. Ila waombaji wataingia ofisini kwa miguu yao wenyewe, na ofisa atawatazama kama watu wa Uyole wanavyowatazama.