Mmemalizana kina nani?

Wiki jana, kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa timu fulani ya mtaani, mwenyekiti alituandikia kwamba kocha wa vijana wa chini ya miaka 14 "ametuaga kwa sababu za kibinafsi, tumtakie kila la heri." Amina zikamiminika. Mzazi mmoja akamshukuru kocha kwa "malezi". Kufikia jioni hapakuwa na mtu kundini asiyejua sababu hizo za kibinafsi ni mtoto wa nani. Nilipompigia mwenyekiti, alinijibu kwa ule upole wa watu waliozoea vikao: "Dada, tulia. Familia imeongeleshwa. Tumeshamalizana."

Mmemalizana kina nani? Mtoto alikuwepo kwenye kikao?

Tuelewane. Unajisi, yaani kufanya ngono na mtoto, si ugomvi wa mpaka wa shamba. Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya ya 2006, kifungu cha 40, haikuwapa baba, chifu wala mwenyekiti wa klabu uwezo wa kusitisha uchunguzi au kesi. Uamuzi huo leo uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mzazi anaweza kula mbuzi wa suluhu mpaka mifupa, kesi bado ipo. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake: kifungo cha maisha. Wa 12 hadi 15: si chini ya miaka 20. Wa 16 na 17: si chini ya 15. Na kwa wale wanaonong'ona kwamba "lakini ni mvulana", sheria imesema mtoto. Someni tena.

Hospitali huja kabla ya hayo yote. Usimwogeshe mtoto, hata kama roho inakusukuma kumwogesha. Nguo alizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana zikivunda ushahidi unaharibika. Dawa za kuzuia HIV zina saa 72 tu tangu tendo. Daktari ajaze fomu ya PRC (ya matibabu baada ya ubakaji), polisi wakupe nambari ya OB (kitabu chao cha matukio) na fomu ya P3 (ya ripoti ya daktari kwa polisi), na wewe ubaki na nakala ya kila karatasi. Simu ya 116 ni ya watoto, 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, zote bure.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki: hata familia jasiri, ile iliyokataa bahasha, huishia kwenye swali moja tu, atafungwa au hatafungwa? Akifungwa tunapiga vigelegele, akiachiliwa tunakwenda nyumbani kulia. Waliomwajiri, waliomkabidhi funguo za bweni, waliopokea malalamiko wakayakalia, hao hakuna anayewauliza chochote. Mwezi unaofuata wako uwanjani wanagawa medali.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilitoa hukumu katika kesi inayojulikana kwa herufi W.J., ya wasichana wawili wa shule ya msingi Nakuru dhidi ya mwalimu wao. Mwalimu huyo alikuwa ameachiliwa katika kesi ya jinai. Wengi wetu tungekunja mkeka hapo. Wao walikwenda mahakamani upya kwa ombi la kikatiba, ambako huhitaji kuthibitisha pasipo shaka yoyote, unahitaji kuonyesha kwamba maelezo yako yana uzito kuliko ya mwenzako. Jaji Mumbi Ngugi aliwapa fidia, mmoja shilingi milioni 2 na mwingine milioni 3. Na mzigo haukumwangukia mwalimu peke yake: Tume ya Huduma za Walimu (TSC), shule na Serikali walibebeshwa pamoja naye. Huwezi kumweka mtu juu ya watoto kisha ujifanye humjui akiwadhuru.

Marekani ndivyo walivyofanya kwa Larry Nassar, daktari wa wanajimnastiki aliyewadhulumu wasichana kingono. Yeye alihukumiwa miaka 40 hadi 175 Januari 2018, lakini Chuo Kikuu cha Michigan State kilikubali kulipa dola milioni 500 mwaka huohuo. Shirikisho la mchezo huo na kamati ya Olimpiki nao wakafuata mwaka 2021 kwa dola milioni 380. Hapo ndipo viongozi wa michezo hujifunza ghafla umuhimu wa kuwalinda watoto. Dhamiri yao hukaa mfukoni, na huko ndiko kwa kuigusia.

Sawa, nakubali, kesi za madai huchosha. Zinakula miaka, na mlango haubaki wazi: madai ya kawaida ya madhara hupewa miaka 3, na ukiidai Serikali miezi 12, ingawa umri wa mtoto unaweza kubadilisha hesabu. Kwa hiyo usingoje ya jinai iishe ndipo utafute wakili. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wapo, na kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

Na ndiyo, makocha wengi ni watu wema wanaonunua mipira kwa hela zao. Hao hawajawahi kukasirika wakiulizwa.

Kwenye timu za mtaani ndiko kugumu. Mwalimu aliyefutwa na TSC haruhusiwi kushika chaki, ila hakuna anayemzuia kuvaa filimbi shingoni Jumamosi asubuhi. Timu haiko kwa Msajili wa Michezo kama Sheria ya 2013 inavyotaka, kocha hana mkataba, na yakitokea, kila mtu "alikuwa anajitolea tu". Kumbe klabu isiyosajiliwa ina viongozi, na viongozi wana majina yanayoweza kuandikwa kwenye karatasi za mahakama. Mwenyekiti wetu analo, tena huliandika kwa herufi kubwa kwenye kila bango la mashindano.

Michezo ya muhula wa pili inakaribia. Mtaletewa ile fomu ya kuruhusu mtoto asafiri, yenye mstari wa chini unaosema shule haitawajibika kwa lolote. Kabla ya kutia sahihi, iandikieni shule iwajibu kwa maandishi: watoto watalala darasa gani, nani atalala nao, na mwalimu gani wa kike anakwenda na wasichana. Wekeni nakala.