Maabara isingejua iulize nini
Eti fedha za utafiti ziende sayansi tu, kwa kuwa historia na fasihi hazileti majibu ya kupimika. Sikubaliani. Mwaka 2023 jarida la sayansi la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Songo Mnara: asili ya Kiafrika hasa kwa upande wa mama, ya Kiajemi kwa baba, kuchanganyika kukianza karibu mwaka 1000. Swali lenyewe la asili ya watu hao lilitoka wapi kama si kwenye simulizi za Washirazi wa Kilwa, zinazosema waasisi wa mji huo walitoka Uajemi, ambazo wasomi wengi walizibeza? Na mifupa ilichimbuliwa na waakiolojia, haohao wanaokatiwa bajeti. Mlioko vyuoni, idara zenu za historia bado hupata hata nauli ya kwenda uwandani?