Pampu ya joto ya dirishani: tuipime kwa rula ipi?

Mwezi wa kwanza mama mmoja wa Kikongo alinipigia simu, anakaa ghorofa ya tatu kwenye nyumba ya kupanga hapa Portland, Maine, akaniambia mwanangu wewe si fundi AC, njoo uniangalizie hii mashine, bili ya umeme imekuja kama ya nyumba nzima. Kufika nakuta kanunua mtandaoni pampu ya joto ya dirishani, ile ya kuchomeka kwenye soketi ya kawaida, boksi lake bado kaliweka nyuma ya mlango na limeandikwa kwa herufi kubwa kabisa kwamba ni pampu ya joto. Nje ilikuwa nyuzi 9 chini ya sifuri. Nikaweka mkono pale hewa inapotokea, moto upo, ila kompresa, ile mota inayozungusha gesi ya kupozea, kimya, hata kutetemeka hamna, na kwa nje ile theluji kavu imetulia juu ya koili haijaguswa na kitu. Nikachomeka kimita cha soketini, kikasoma wati 1,350 na hakishuki. Hapo sikuhitaji kuuliza zaidi, hiyo sio pampu tena, hiyo ni hita ya koili ya umeme. Kwenye kitabu chake, kurasa za mwisho, ipo sentensi moja kwamba nje ikishuka chini ya nyuzi 5 kompresa inajizima na koili ya umeme inachukua kazi. Alafu tukaitafuta ile lebo ya njano ya serikali, tukaisoma wote wawili toka juu mpaka chini. Inaeleza mashine inavyopoza. Kuhusu joto hakuna neno.

Naandika hivi kwa sababu watu wengi wakisikia mjadala wa kanuni za kupima pampu za joto zisizo za kawaida, yaani kama mashine za namna mpya ziruhusiwe kupimwa kwa njia tofauti au zibaki na kipimo kimoja cha wote, wanaona ni ugomvi wa viwanda na wizara huko Washington, kumbe ugomvi wenyewe unaishia chumbani kwa mama kama huyu.

Kwa asiyejua, pampu ya joto ni AC inayoweza kugeuza kazi. Haitengenezi joto, inalichota nje na kulileta ndani, na hata hewa iliyo chini ya sifuri bado ina joto la kuchota, kwaiyo uniti moja ya umeme inaweza kukupa uniti mbili au tatu za joto, wakati koili ya umeme inakupa uniti moja kwa uniti moja basi. Ndo maana zimeenea sana hapa Maine, jimbo ambalo nyumba nyingi zimezoea kupashwa kwa mafuta kuliko jimbo lolote Marekani. Serikali ya jimbo iliweka lengo la pampu 100,000 kufikia 2025, wakalifikia 2023, wakaongeza lengo lingine la 175,000 zaidi mpaka 2027. Hizo nyingi ni za ukutani, zina mashine ya ndani na ya nje na bomba la gesi katikati, na fundi lazima aje. Ya dirishani ni ya mpangaji. Haina fundi, haina kutoboa ukuta, na kwa mtu asiyemiliki nyumba mara nyingi ndo mlango pekee wa kuingia kwenye hii teknolojia.

Sasa kupima. Sheria mama ni ya 1975, Bunge la Marekani liliipitisha baada ya lile balaa la mafuta la 1973, na leo Wizara ya Nishati ndo inaandika kila kifaa cha nyumbani kinapimwaje. Pampu za ukutani na za nyumba nzima zina namba inayoitwa HSPF2, ilianza tarehe 1 Januari 2023. Mashine inafungwa maabara, hewa ya upande wa nje inashushwa hadi nyuzi 8.3, kisha 1.7, kisha 8.3 chini ya sifuri, na kipimo cha 15 chini ya sifuri ni cha hiari. Kiwango cha chini kwa zile za vipande viwili ni 7.5, ukiigeuza maana yake msimu mzima unapata kama uniti 2.2 za joto kwa kila uniti ya umeme. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa 8.2 kwa namba ya zamani na watu wakadhani serikali imelegeza, hapana, rula ndo ilibadilika, mashine za dakti, zile zinazosambaza hewa kwa mifereji ya ndani ya nyumba, zikaanza kupimwa zikisukuma hewa kwa shida inayofanana zaidi na dakti za nyumbani, na mashine ileile ikatoka na namba ndogo.

Lakini mashine ya dirishani, hata kama inaleta joto, kisheria inahesabiwa AC ya chumba. Na AC ya chumba inapimwa ikipoza, nje nyuzi 35, ndani kama 27, namba yake inaitwa CEER. Basi. Hata kanuni mpya za ufanisi wa AC za vyumba zilizotolewa Mei 2023 zimejengwa juu ya hiyohiyo namba ya kupoza. Kwaiyo dukani zinaweza kukaa boksi mbili pamoja, moja inachota joto hadi baridi kali kabisa, nyingine inakata tamaa kwenye nyuzi 5, na lebo za njano zikafanana. Aliyeuza ile ya mama hakuvunja sheria yoyote, manake sheria haikumuuliza hilo swali.

Wanaotaka kanuni ibaki ngumu na moja kwa wote wana hoja nzito na mi siwabezi. Namba ina maana pale tu kila mtu kapimwa kwa rula moja. Ukimruhusu kila mwenye kiwanda aje na njia yake, mnunuzi analinganisha embe na ndizi. Na namba hizi zinabeba hela, mpaka mwisho wa 2025 kulikuwa na punguzo la kodi la serikali kuu, asilimia 30 ya gharama hadi dola 2,000 kwa pampu ya joto, na ilikuwa lazima mashine ifikie kiwango fulani ndo upate. Pakiwa na hela pana ushawishi. Wote tunakumbuka Volkswagen 2015, gari inatambua ipo kwenye kipimo inatulia, ikirudi barabarani inatoa moshi wake. Mashine ya inveta, ile ambayo kompresa yake inaweza kuongeza na kupunguza mwendo, nayo ina programu ndani, na programu inaweza kufundishwa kutambua maabara.

Upande wa pili, wenye viwanda vya mashine mpya, nao hausemi wasipimwe. Wanachosema ni kwamba rula iliandikwa kwa ajili ya mashine ambayo wao hawaitengenezi. Mfano ulionyooka ni LG. AC za dirishani za inveta zilipokuja, kipimo kilikuwa kimoja tu, nyuzi 35, mashine ikifanya kazi kwa nguvu zote. Sasa faida ya inveta iko pale joto likipungua na kompresa ikapunguza mwendo, yaani masaa mengi ya kiangazi chenyewe, na kipimo hakikuyaona masaa hayo kabisa. LG wakaiomba wizara ruhusa ya kupima kwa njia nyingine, wakapewa ya muda Juni 2018 na ya kudumu Mei 2019, wapime kwenye nyuzi nne tofauti, 35, 33.3, 30.6 na 27.8, na hesabu ipangwe ili namba iweze kukaa pembeni ya namba ya mashine ya kasi moja. Machi 2021 wizara ikaiingiza njia ya namna hiyo kwenye kanuni yenyewe. Huo utaratibu ukiuangalia vizuri sio msamaha. Hakuna aliyeambiwa nenda bila kupimwa, waliambiwa pima hivi badala ya vile, ombi likachapishwa wazi, washindani wakapewa nafasi ya kupinga.

Kilicholeta kelele ni mwendo wa hizo ruhusa. 2020 wizara iliweka kwamba ombi la ruhusa ya muda likikaa siku 45 za kazi bila jibu, limekubaliwa lenyewe. Mwishoni mwa 2021 wakaifuta hiyo, siku 45 zikabaki za kujitahidi tu. Hapa naona pande zote zina uchungu wa kweli. Kampuni ndogo yenye mashine moja haiwezi kukaa mwaka ikisubiri barua, mshahara unatoka kila mwezi, wakati kampuni kubwa ina maabara yake na mawakili wake na inaweza kusubiri mpaka mwenzie afe. Ila kukubali kwa sababu ofisi imekaa kimya, hapana jamani, kimya cha karani hakijawahi kupima joto la mtu. Kama tatizo ni wafanyakazi wachache basi waongezwe.

Kuna jambo lingine ambalo sisi mafundi tunaliona na kwenye mijadala linapita haraka. Pampu ya inveta ikiwa maabara, mara nyingi kompresa inafungwa kwenye mwendo maalum kwa maelekezo ya kiwanda. Nyumbani hakuna anayeifunga, inaamua yenyewe kwa thamostati yake. Nimeona mashine yenye namba nzuri sana inawaka na kuzima kila dakika chache kwa sababu ni kubwa kuliko chumba, na nimeona nyingine ikiyeyusha barafu kwenye koili mara nyingi kuliko inavyohitajika, mvuke unafuka nje kama sufuria ya ugali na ndani watu wanapulizwa baridi. Namba ya lebo haikuyaonyesha hayo. Wakanada walitengeneza njia yao, iko kwenye kiwango cha SPE-07, mashine inaachwa ijiendeshe yenyewe wakati chumba kinapoteza joto kama nyumba halisi. Wanaoipinga wanasema inachukua muda mrefu, ni ghali, na maabara mbili zinaweza kupata majibu tofauti kwa mashine moja. Hiyo ya mwisho ni hoja ya maana, kipimo kisichojirudia kesho kinaingia mahakamani. Marekani nayo, kwenye kanuni iliyotolewa Januari 2025, ikaongeza hatua ya kuhakiki kama mashine ikijiendesha yenyewe inafanana na ile iliyofungwa. Ni njia ya katikati, na kwa maoni yangu ni bora kuliko kusubiri kipimo kamili.

Nani ameshatatua hili kwa vitendo? Mnunuzi mwenye nguvu. Mamlaka ya nyumba za umma New York hawakusubiri lebo, waliandika wenyewe wanataka mashine ya dirishani ya namna gani kwa baridi ya kwao, wakaitisha shindano, na 2022 wakachagua kampuni za Gradient na Midea, mashine 30,000, dola milioni 70. Mnunuzi wa mashine 30,000 anaweza kumwambia kiwanda nionyeshe. Mnunuzi wa mashine moja anategemea lebo, hana kingine. Energy Star, ile alama ya serikali ya vifaa visivyokula umeme mwingi, nao wana njia ya kupima joto la mashine za dirishani, iko tayari na inafanya kazi, ila ni ya hiari, na ya hiari anaijaza yule mwenye majibu mazuri.

Kwaiyo mi niko upande wa kuruhusu vipimo vipya kwa mashine mpya, na haraka, lakini kwa masharti mawili ambayo sioni kama yanamuumiza kiwanda mkweli. Kwanza, mashine yoyote ikiandikwa pampu ya joto kwenye boksi basi ipimwe joto, sio kupoza peke yake, hata kama sheria inaiita AC. Pili, kwenye lebo hiyohiyo ya njano iandikwe nyuzi ambayo kompresa inazima. Namba moja tu. Najua watasema lebo itajaa na wateja watachanganyikiwa, ila yule mama anasoma Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza cha kutosha, asingechanganyikiwa na namba 5.

Muda wa kurudisha mashine ulikuwa umeshapita. Tulichofanya, nilikata kipande cha tepu nyeupe nikakibandika mbele ya mashine, juu ya vitufe, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: chini ya 5 zima, tumia redieta. Redieta ni dhaifu ile ya chumbani ila joto lake limo ndani ya kodi anayolipa tayari. Bili iliyofuata alinipigia picha akanitumia.