Aliyenunua kiti akikalie yeye kwanza

Aisee nimetoka kuangalia mchezo wa kuigiza na hapa ninapoandika nimelala kifudifudi, kiuno kinawaka moto. Ni kwenye ukumbi wa jamii wa hapa mjini kwetu, kamji kadogo tu huku Yorkshire, Uingereza, msije mkaanza kuniuliza habari za London. Jengo la mawe la zamani, jukwaa safi, taa safi, mapazia mazito mekundu, ila viti sasa! Vya mbao, vya kukunja, kile kibao cha mgongoni kinaishia palepale kwenye mfupa chini ya bega, na kutoka kiti chako mpaka kiti cha mbele nafasi iliyoachwa ni ya magoti ya mtoto wa darasa la pili. Nimekaa upandeupande shoo nzima kama abiria wa siti ya nyuma kwenye daladala la Gongo la Mboto jioni, tofauti ni kwamba daladala nalipa mia kadhaa na hapa nimelipa paundi 12.

Nilienda kwa sababu kuna dada nafanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee, anaigiza pale. Halipwi hata senti. Mchana tunageuza wazee na kubadilisha mashuka, usiku yeye anavaa taji anakuwa malkia, na anaigiza vizuri kweli, sio utani.

Sasa wenyeji wenyewe walishavijua vile viti. Watu wanaingia na mito kutoka nyumbani! Bibi aliyekaa pembeni yangu mto wake una maua na umeshonewa kamba mbili, akaufunga kwenye kiti bila hata kuangalia, mikono imeshazoea, halafu akanitazama kwa huruma akaniuliza ni mara yako ya kwanza eeh? Ikafika mapumziko, watu wananunua aiskrimu za kwenye vikopo vidogo vile kijiko kimefichwa kwenye mfuniko, na wazee wakaanza. Viti. Baridi. Mlango wa choo cha wanawake haujifungi tangu kiangazi. Kamati imelala. Mwaka jana tuliambiwa viti vinabadilishwa, viko wapi? Mimi nikajua wanasengenya tu kama tunavyosengenya sisi, kumbe wanamwambia mtu, na mtu mwenyewe amesimama hapohapo katikati yao, yule mzee aliyekuwa anachana tiketi mlangoni. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya ukumbi.

Akawasikiliza wote. Hakukunja uso, hakusema mnipe heshima, hakuuliza wewe nani. Akasema hela ya viti ipo nusu, ile nyingine imekula paa lilipovuja, mahesabu yamebandikwa ubaoni pale karibu na makoti, mkutano mkuu wa mwaka ni mwezi ujao njooni mnibane. Bibi wa mto akamjibu, nitakuja, na sitakuja mpole. Kengele ikalia tukarudi ndani, na mzee akaja kukaa safu ya nyuma yangu, mrefu yule, magoti yake yananigonga mgongoni, kwenye kiti kilekile cha mbao. Anahangaika kama mimi. Hana mto hata!

Jamani hicho ndicho kilichoniuma, sio kiuno.

Kwa sababu kwetu mnajua ilivyo, sina haja ya kuelezea. Safu ya kwanza masofa ya kukodi yenye fremu za dhahabu, meza ina kitambaa cha lesi, maji ya chupa, maua ya plastiki, na feni zote za ukumbi zimeelekezwa huko. Safu zinazofuata viti vya plastiki vimevishwa nguo nyeupe na utepe kiunoni, hao ni wageni waalikwa. Baada ya hapo plastiki tupu, mgongoni pameandikwa kwa rangi nyekundu USHARIKA au TAWI ili visiibiwe, na mtu mwenye mwili wake anajua lazima abebanishe viwili, kimoja ndani ya kingine, maana kimoja kinafunguka miguu taratibu mpaka anajikuta yuko sakafuni na soda yake mkononi. Swali langu ni moja tu na nitalirudia mpaka mnichoke: huyu aliyenunua hivi viti amewahi kukikalia hata kimoja? Siku gani? Meneja anakaa ofisini kwenye kiti cha kuzunguka. Mheshimiwa anakaa sofa. Mkandarasi alishachukua chake akaenda. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye kiuno chake kinajua lile jengo likoje.

Likizo iliyopita nilimpeleka shangazi yangu kuangalia ngoma na taarab kwenye ukumbi mmoja wa halmashauri, siutaji na msinichokonoe. Shangazi ana magoti mabaya na sikio moja halisikii vizuri, kwa hiyo tukawahi, tukakaa mbele, nyuma tu ya masofa. MC akachukua maiki, tunaomba wa siti za mbele watupishe kuna ugeni. Tukahama. Tukakaa, tena, tunaomba mtupishe kamati inakuja. Mpaka mgeni rasmi anafika, jua limeshazama, na shangazi yuko karibu na mlango wa jikoni anasikiliza sufuria badala ya udi na fidla. Mgeni rasmi akasoma hotuba yake, akapigwa picha na watoto, akaondoka ngoma ya pili haijaisha, na msafara wote ukamfuata. Masofa yakabaki matupu! Nikasema basi shangazi twende mbele. Weee. Kuna mgambo amesimama pale analinda masofa. Matupu. Nikamwambia kaka huyu mama ni mgonjwa wa miguu, akaniambia mimi nimepewa amri hapa hakai mtu. Kijana wa watu hana kosa, angekaa mtu yeye ndiye angefukuzwa.

Nikamtafuta meneja. Meneja akacheka vizuri tu, akaniita mkubwa, akaniambia wewe umekuja likizo enjoy, kama kuna maoni tumbukiza kwenye sanduku pale. Nikaenda kwenye sanduku la maoni. Kufuli limeshika kutu, tundu la juu wameziba na pipi iliyotafunwa. Nikamuuliza dada wa tiketi nani ana funguo, akaniambia tangu aanze kazi hajaona likifunguliwa. Shangazi ndio akanikemea mimi, mwanangu hebu kaa utatuaibisha, watasema umetoka Ulaya una maringo.

Haya ndio tufike hapo kwenye maringo, maana nawajua, nawasikia mpaka huku. Wa kwanza atasema huyu kashakuwa mzungu, juzi tu alikuwa anakaa kwenye ndoo akiangalia video kwa mia moja pale mtaani. Ni kweli nilikaa kwenye ndoo! Na aliyekuwa na ule ukumbi wa video alikaa kwenye ndoo pia, ndicho ninachokisema. Wa pili atasema watu hawana maji, hospitali hakuna dawa, wewe unaongelea makalio. Nakuelewa ndugu yangu, lakini niambie basi, yule asiyeulizwa kuhusu viti ataulizwaje kuhusu dawa? Aliyezoea kwamba mwananchi akilalamika anaambiwa enjoy ataanza lini kujibu? Mimi naona ni ugonjwa uleule, ila kwenye ukumbi unauona kwa macho, umepangwa kwa safu.

Wa tatu, huyu ndiye msomi, atasema hata hukohuko Uingereza kuna viti vya wakubwa. Ni kweli kabisa wala sibishi. Nenda Royal Albert Hall, ukumbi wa tangu 1871, kuna viti zaidi ya 1,200 ambavyo ni mali ya watu binafsi, vinauzwa na kurithiwa kama shamba, na wenye viti hivyo ndio wengi kwenye baraza linalouendesha ukumbi, na wamegombana kwa miaka kuhusu wenye viti kuuza tiketi zao kwa bei ya kuruka wakati ukumbi wenyewe ni wa hisani. Sijasema wazungu ni malaika. Hawa wa hapa kwangu wenyewe mbinafsi wa kwanza anaweza kuwa mwenyekiti, sijui moyo wake. Ila ule ugomvi umejulikana kwa sababu ya mahesabu na sheria, na mtu yeyote anaweza kuuliza. Taasisi ya hisani ya Uingereza na Wales ikiingiza zaidi ya paundi 25,000 kwa mwaka lazima ipeleke mahesabu kwenye tume inayosimamia hisani na yanawekwa wazi. Nimefungua simu usiku huu nikiwa nimelala hivihivi na kiuno changu, nikayasoma ya ukumbi wetu. Hela ya baa ipo. Hela ya kukodisha kwa wale wa yoga ipo. Bili ya gesi ipo, kubwa mpaka nimeelewa kwa nini wanabania mahita. Mimi mgeni, mbeba maboksi, nageuza wazee, najua ukumbi wa watu unaingiza bei gani, na sijui ule wa kwetu ambao baba yangu alilipa kodi ukajengwa.

Halafu kuna kitu kingine hawa wa huku wanafanya, wanachangisha viti, ukitoa kiasi fulani jina lako linabandikwa kwenye kibati nyuma ya kiti, na kama unalipa kodi kila paundi 1 uliyotoa serikali inawaongezea peni 25. Sisi jina tunaandika nyuma ya kiti ili kisiibiwe. Nimecheka peke yangu.

Lakini sasa msifikiri ningebadilishana. Shoo yenyewe, jamani, watu hawa wanakaa kama wako kwenye mtihani! Malkia wetu ameimba pale, ameimba mpaka nikasisimka nywele, nikataka kusimama nikamtunze, nimeshatia mkono mfukoni kabisa kutafuta noti, nikakumbuka niko wapi. Ukisimama wa nyuma anakugusa bega, samahani sioni. Wanapiga makofi mwishoni kwa adabu, pa pa pa, wanatafuta makoti. Taarab ya kwetu kiti ni cha kuwekea mkoba. Ukikuta mama amekaa muda wote basi wimbo ule haukumhusu, ukimhusu utamwona anavyoinuka, noti juu, anakata ukumbi mzima pole pole ili fulani amuone, hata kingekuwa kiti cha misumari asingejua. Na Ngome Kongwe pale Unguja wakati wa lile tamasha la muziki la Sauti za Busara, watu wanakaa kwenye ngazi za mawe mpaka usiku wa manane, jiwe bado lina joto la mchana, na sijasikia mtu anataja mgongo. Kwa burudani hawatuwezi. Nasema hadharani.

Ndio maana inanikera mara mbili. Tungekuwa hatuna kitu cha kuangalia ningesema sawa, viti vinalingana na shoo. Na asiniambie mtu kuendesha vitu kwa kamati na mahesabu ni mambo ya kizungu hatuyawezi, hapo ndipo tutakosana. Nadi Ikhwan Safaa, wale wa taarab wa Zanzibar, ni chama cha wanachama na kipo tangu 1905, kimemaliza masultani, kimemaliza Waingereza, kimevuka Mapinduzi, na bado wanapiga. Culture Musical Club, nao wa taarab hukohuko, tangu 1958. Nani aliwafundisha, mzungu? Nenda kwenye kikoba cha mama zetu, sanduku lina kufuli tatu na funguo wamepewa watu watatu tofauti, haliwezi kufunguliwa mpaka wote wawepo, mhazini anasoma mbele ya watu na ukipunguka hata elfu mbili utaitwa mpaka kwa mumeo. Mama yangu hajamaliza darasa la saba na ameshika funguo ya kikoba miaka. Mwambie mama yangu kuna ukumbi unakodishwa kila Jumamosi kwa harusi, na sendoff, na kitchen party, na mahafali, na hakuna anayejua hela inaenda wapi, atakuuliza mhazini wenu nani na mnamwachaje anatembea barabarani.

Kwa hiyo uwezo upo, upo nyumbani kwako kabisa, umekaa jikoni. Ukifika kwenye jengo la umma tu tunakuwa wageni, tunaanza kuomba mtupishe, samahani mheshimiwa, sanduku la maoni lile pale. Na sisi wananchi tunasaidia, msijitoe! Sisi ndio tunamzomea anayeuliza. Sisi ndio tukipata kadi ya safu ya mbele tunapiga picha na sofa tunaweka status.

Na wewe unayejiandaa kuniambia rudi ujenge nchi, usihangaike, tiketi ya Desemba nimeshakata. Ukumbi uleule nasikia utakuwa na taarab wiki ya Krismasi. Nimeshampigia shangazi nimemwambia avae lile deraa lake jipya, mgeni rasmi akishaondoka tu sisi tunakaa sofa, na mgambo akija tutamwomba kwa heshima zote akamwite mhazini.